Wanauza Haunted Chocolatier Mtwara mjini, na gemu lenyewe halijatoka

Kwanza lijulikane hili: Haunted Chocolatier halijatoka. Halijatoka Marekani kwa mwenyewe anayelitengeneza, halijatoka Ulaya, halijatoka popote. Sasa nielezwe, duka la kompyuta lililopo Mtwara mjini, hatua chache kutoka sokoni, limelipata wapi mpaka linawapigia watu simu waende kuchukua mzigo wao?

Huduma yenyewe, walivyoieleza wao, ilikuwa ya maana. Wengi wetu huku hatuna kadi inayokubali malipo ya nje, na bei za Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, ziko kwa dola. Duka lina kadi. Unawalipa kwa simu, wao wanakununulia gemu na kukutumia kama zawadi kwenye akaunti yako, ilimradi akaunti yao na yako ziwe zimeshaunganishwa kama marafiki. Kwa Haunted Chocolatier walisema: weka kishika uchumba cha Sh 20,000, siku likitoka tunakununulia, bei ikijulikana unamalizia. Hakuna ubaya hapo. Msimu wa korosho ulikuwa umechanganya, minada inaendelea, hela mjini inaonekana, na bango lao la kasri na mizuka lilikuwa limebandikwa mlangoni. Watu wakajiandikisha, na mimi nikiwamo.

Maana kusubiri tumesubiri. Eric Barone, anayejiita ConcernedApe, alilitangaza Oktoba 2021. Trela ile tumeitazama hadi tunajua kipande gani kinafuata kipi: unahamia kwenye kasri lenye mizuka, unatafuta viungo, unatengeneza chokoleti na kuiuza kwenye duka lako, mizuka yenyewe ikikusaidia kazi. Mapigano yamepewa uzito kuliko kwenye Stardew Valley, gemu lake la kilimo lililotangulia, na safari hii kuna ngao. Tarehe hakutoa, na wanaomfahamu hawakushangaa. Stardew Valley alilitengeneza peke yake, michoro yeye, muziki yeye, hadithi yeye, kwa zaidi ya miaka minne, likatoka tarehe 26 Februari 2016, na amekuwa akiliongezea vitu bila kumtoza mchezaji hata senti. Toleo la 1.6 lilitoka kwenye kompyuta Machi 2024 na kwenye simu Novemba mwaka huohuo, na kazi hiyo ilimtoa kwenye chokoleti kwa muda mrefu. Mimi nautetea uchelewaji huo popote pale. Afadhali anyamaze mpaka gemu liive. (Ninachoombea ni kimoja, korosho iwemo kwenye viungo. Kakao watu wa Kyela wanayo, nasi wa Kusini tupate chetu.)

Halafu inapigwa simu: "Dada, mzigo wako umefika."

Nikakabidhiwa flashi. Ndani mna folda imeandikwa Haunted Chocolatier FULL, na faili la maelezo: zima antivirusi, kopi folda yote kwenye kompyuta, bonyeza aikoni ya kasri. Gemu halali halikutaki uzime antivirusi, kwa hiyo hapo pekee pangetosha kurudisha flashi kwa mwenyewe. Lakini kwa kuwa najua kuna wenzangu walioichukua na wakaamini, naeleza kilichomo, ili kila mmoja ajikagulie mwenyewe.

Usibonyeze aikoni. Fungua folda tu na usome majina ya mafaili. Utakuta "Stardew Valley.exe" na "Stardew Valley.dll", hata majina hawakujisumbua kuyabadilisha. Utakuta folda ya Content imejaa mafaili ya .xnb, folda ya smapi-internal, folda ya Mods, na programu ya StardewModdingAPI.exe. Hiyo ya mwisho ndiyo SMAPI, chombo ambacho wachezaji wa Stardew hutumia kuendesha modi, yaani nyongeza za gemu zinazotengenezwa na mashabiki, na aikoni ya kasri ni njia ya mkato tu inayokwenda huko. Ingia Mods. Kila modi ina faili la manifest.json. Lifungue kwa Notepad, soma sehemu ya Author na UniqueID. Mle mna majina ya watu waliotengeneza modi zao na kuzigawa bure kwa wapenzi wa Stardew. Kazi ya watu hao ndiyo iliyobandikwa picha ya kasri na kuuzwa huku kwetu.

Ukiwasha, kabla gemu halijatokea linafunguka dirisha jeusi la maandishi. Mstari wake wa mwanzo kabisa unataja toleo la SMAPI na kusema linaendesha Stardew Valley. Wameliacha vilevile. Kisha skrini ya mwanzo inakuja na kasri lililopachikwa juu ya picha, jina limebadilishwa, muziki uleule. Ukianza mchezo mpya, unashuka kwenye basi, Robin yule seremala anakupokea, meya Lewis anakungoja nyumbani, na ndani kuna kifurushi cha mbegu 15 za parsnip, mboga ya mzizi kama karoti. Mbegu za parsnip kwenye gemu la chokoleti! Mfukoni una 500g, hiyo g ikiwa ni fedha ya mle ndani, kama ilivyo siku zote. Mtu ambaye hajawahi kugusa Stardew anaweza kudhani ndivyo Haunted Chocolatier linavyoanza, na hilo linaniuma kuliko hela. Kuna mtu atakutana na kazi ya Barone kwa mara ya kwanza kupitia takataka hii, atasema gemu lina kasoro, na hatarudi tena.

Ila kinachonitoa povu ni kitufe cha "Load". Kwa sababu hii ni Stardew yenyewe, inasoma sevu, yaani michezo uliyoihifadhi, kutoka mahali palepale Stardew inaposomea, yaani folda ya Saves ndani ya StardewValley, kwenye %appdata%. Ukibonyeza "Load" ndani ya hilo "gemu jipya", mashamba yako ya zamani yanajipanga mbele yako, na majina yake, na mwaka, na fedha. Shamba la mwaka wa nne, lenye mabanda na mapipa ya mvinyo, liko ndani ya gemu ambalo unaambiwa limeshuka jana! Ushahidi gani tena unatakiwa? Na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akiingia kwenye shamba lake kwa kudadisi, akalala usiku mmoja, mchezo unasevu juu ya sevu yake halisi ukiwa na modi za flashi. Modi zikiongeza vitu vyao kwenye begi au makabati, siku atakapoziondoa vitu hivyo vitageuka kuwa "Error Item", kitu ambacho gemu halikitambui, na kama modi imegusa ramani au majengo, shamba linaweza kukataa kufunguka kabisa.

Kwa hiyo, aliyeshaingia afanye hivi. Funga gemu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, ingia StardewValley, kisha Saves, na kopi folda nzima upeleke pengine kabla hujagusa chochote. Kila shamba lina folda yake yenye jina la mchezaji na tarakimu. Ndani yake kuna faili lenye jina hilohilo, kuna SaveGameInfo, na kuna nakala mbili za siku moja nyuma zinazoishia na _old. Kama umelala usiku mmoja tu, zitoe zile mbili mpya, kisha kwenye zile za zamani ondoa neno _old. Shamba linarudi jana yake. Kama umelala zaidi ya hapo, tazama kwenye folda ya hilo gemu bandia kama kuna save-backups. SMAPI huja na modi yake ya kuhifadhi nakala za sevu, na huenda nakala ya siku ya kwanza ikawemo, iliyochukuliwa kabla hujaharibu kitu. Baada ya hapo futa kwenye kompyuta folda yote uliyoikopi kutoka kwenye flashi, washa antivirusi, na uiache ikague kompyuta nzima. Hiyo _old inawafaa hata wale ambao umeme umekatika gemu likiwa linasevu, maana Stardew husevu unapolala tu, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili jipya linaweza kubaki nusu.

Nilirudi dukani na SMAPI-latest.txt, faili la kumbukumbu linalokaa kwenye ErrorLogs ndani ya folda ileile ya StardewValley. Limeandika kila kitu: Stardew Valley, orodha ya modi, na majina ya waliozitengeneza. Nililipeleka kwa adabu. Nikamwambia yule kaka wa kaunta, "Kaka, poleni na kazi. Hili si gemu nililoweka oda, naomba kishika uchumba changu." Hakulisoma. Akasema, "Dada, kwani tofauti iko wapi? Humo si kulima na kupika tu? Kama unataka kulima kweli, mashamba yapo Newala." Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akaongeza kwamba advansi hairudi.

Kwamba hela hairudi, hilo lina pa kuzungumzwa. Lakini yale maneno! Angekuwa anauza magemu ya mpira asingethubutu kumwambia mtu mzima aende akacheze uwanjani kweli. Stardew Valley lilikuwa limevuka nakala milioni 41 kufikia Desemba 2024. Hao si watoto waliokosa kazi. Watu wanatoka kazini na vichwa vimejaa, wanapanda viazi vyao, wanavua samaki wao, wanalala. Anayelipa ni mteja, gemu liwe la bunduki au la parsnip. Na huyu kaka anajua fika tofauti iko wapi, kwa sababu asingeijua asingehangaika kubandika kasri juu ya picha.

Tena wasijitetee kwamba "oda zote ndivyo zilivyo". Magemu ya kuigiza maisha yanachelewa hata yakiwa na tarehe. Paralives lilipangiwa tarehe 8 Desemba 2025, likasogezwa hadi 2026. Life by You la kampuni ya Paradox liliahirishwa na kuahirishwa, mwishowe Juni 2024 likafutwa kabisa, na watu walikuwa wameshalipangia majina ya familia. Sasa gemu ambalo halina tarehe wala bei, kwenye Steam kitufe pekee ni cha kuliweka kwenye orodha ya unayoyatamani. Kitufe hicho hakina gharama, na siku likitoka Steam yenyewe inakutumia barua pepe. Hakuna duka duniani lenye nafasi ya mbele ya kukuuzia.

Nalazimika kusema na hili, maana dhuluma sitaki. Huduma yao ya kushusha magemu unayoyamiliki mwenyewe ni nzuri, na kwa hapa mjini sijaona wa kuwashinda. Yule kijana anayekaa nyuma na mashine anajua kazi. Gemu kubwa halikumalizii bando, wanalishusha wao kwa intaneti yao, kisha wanakopia folda ya gemu kutoka steamapps\common pamoja na faili lake la appmanifest, ambalo kwa Stardew ni appmanifest_413150.acf. Wengi hulisahau faili hilo, na Steam inajifanya haijui kama gemu lipo. Hata likisahaulika, weka folda mahali pake, bonyeza kusakinisha, Steam italikagua na kushusha kilichopungua tu. Kijana huyo ndiye anayeuliza pia flashi yako imefomatiwa vipi, kwa sababu fomati ya FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na mtu anaweza kusubiri mchana kutwa halafu kopi ikagoma mwishoni. Anakufomatia kwa exFAT, na anauliza kwanza kama kuna kitu cha kuhamisha. Mpole, anaeleza, hana haraka. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kutoa nyota tatu.

Lakini flashi ya kasri imetoka kwenye mashine zilezile. Aliyeipanga anajua Content Patcher, modi ya kubadilishia picha za gemu, ni nini, na anajua skrini ya mwanzo inabadilishwaje. Huo si uzembe wa mtu asiyejua. Kwa hiyo tatu nazifuta. Mbili? Moja ya kijana, na ya pili labda kwa intaneti yao. Hapana. Moja. Hela bado wanayo, bango bado liko mlangoni, na simu za "mzigo umefika" zinaendelea kupigwa.

Uliyelipa, usifute ujumbe wa muamala. Piga picha bango likiwa na maneno ya oda, piga picha lile dirisha jeusi likiwa na jina la Stardew Valley, na uende kudai ukiwa na mwenzako aliyepewa flashi kama yako. Flashi yenyewe usiwarudishie mpaka hela iwe imeingia kwenye simu.