Silikoni ya madirisha kwenye buti la gari: kutupa pesa bure

Silikoni ya vioo na aluminiamu imejaa kwenye maduka ya hadiwea Mwanza, na mvua zikianza mafundi huipaka kuzunguka taa za nyuma za gari ili maji yasivuje kwenye buti. Kwa dirisha ni nzuri. Kwa buti, hapana. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, nayo hula bati na shaba ya waya. Tena haishiki penye vumbi au nta.

Afadhali utepe wa butili, yaani wa mpira laini unaonata. Legeza nati, toa taa, safisha kwa spiriti, zungushia utepe bila kuacha pengo, kisha rudisha taa ukikaza nati kwa zamu. Ila kwanza jua panapovuja: laza viti, mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira akianzia chini kupanda juu. Ukianzia juu, maji yatateremka na kukudanganya.

Chungulia pia shimo la spea tairi, ndiko maji yanakotuama. Kwenye Toyota Prius ya kizazi cha pili, gari la haibridi (petroli na umeme), betri ya volti 12 iko nyuma kulia. Chomoa waya wake wa hasi kabla ya kugusa soketi ya taa. Nyaya za rangi ya chungwa, zenye umeme mkubwa, mwachie fundi wa haibridi. Soketi iliyoota kutu ya kijani haiponi kwa kupulizwa upepo, hata fundi aape.