Distrobox Ndani ya Debian 12: Maktaba Mpya Bila Kuugusa Mfumo

Karibuni tena, watazamaji wangu. Nimewasha kamera nikiwa bado nimekereka, kwa sababu jana programu mpya ya kuhariri picha ilikataa kufunguka ikidai GLIBC_2.38, yaani toleo la 2.38 la glibc, maktaba ya msingi ambayo programu za Linux huiegemea, ilhali Debian 12, mfumo wa kompyuta hii, ina 2.36 na haitapandishwa. Maktaba za mfumo hugandishwa kabla ya toleo kutoka, kisha hupokea marekebisho ya usalama na ya hitilafu kubwa tu, na huo ndio utulivu uliotufanya tuichague Debian.

Nawasihi msichukue glibc ya Debian 13 mkaipachika katika 12. Karibu kila programu, hata bash (inayopokea amri) na apt (inayosakinisha programu), inaiegemea maktaba hiyo, kwa hiyo ikivurugika mtakosa hata chombo cha kuirekebishia.

Ninayoichambua leo ni Distrobox, zana ya kuendesha mfumo mwingine wa Linux ndani ya kontena, yaani sanduku lenye maktaba zake lenyewe. Yenyewe ni mkusanyiko wa skripti za shell, kwa hiyo toleo lake jipya halidai maktaba mpya. Nimeliweka ndani ya folda yangu ya nyumbani, na Podman, programu inayoliendesha kontena lenyewe, nimeichukua kwa apt.

Tazameni skrini. Amri ya distrobox create --name sanduku --image debian:13 inapakua mfumo mdogo wa Debian 13, na distrobox enter sanduku inatuingiza ndani. Mara ya kwanza mtasubiri, kwa sababu vifurushi vya lazima vinasakinishwa. Sasa naandika ldd --version, amri inayoonyesha toleo la glibc, nasi tunaona 2.41. Natoka, naandika amri ileile, tunaona 2.36. Narudia polepole kwa aliyepitwa: ndani 2.41, nje 2.36, kerneli, yaani kiini cha mfumo, ni ileile moja, na hakuna faili hata moja la mfumo lililobadilishwa.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni distrobox-export --app. Nikishaisakinisha ile programu ya picha ndani ya sanduku, naiendesha amri hii humo, nafungua menyu ya kompyuta, na programu hiyo iliyonikatalia jana imejipanga pamoja na nyingine. Nabofya, inafunguka, na picha zangu zote inaziona.

Hata hivyo, kuziona huko kuna gharama yake. Folda ya nyumbani inatumiwa na pande zote mbili, hivyo programu ileile ikiwa na matoleo mawili, mipangilio yake inaweza kugongana; tengeni folda kwa chaguo la --home. Aidha, msiendeshe humo programu msiyoiamini, kwani sanduku hili si ukuta wa usalama.

Mliouliza kuhusu Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu, nayo huja na maktaba zake, na kwa programu zinazofunguka katika madirisha pekee ningeanza nayo; kwa zana za terminali bado naichagua Distrobox. Zote ni bure, ila bando na nafasi ya diski zitaliwa, nami sipendi kuwaficha hilo. Video ijayo itakuwa ya kuhamia Debian 13 yenyewe, na hapo sanduku hili nitaliondoa kwa distrobox rm sanduku.