Mishale au vifaru? Nilivyochagua vita vya kucheza nyumbani

Sisi ni wawili, mimi na mpwa wangu, na tunacheza mmoja dhidi ya mwingine kwa kompyuta mbili zilizounganishwa, kwa hiyo likizo ile ya Desemba ilibidi tuelewane: baada ya sala ya isha, kwa muda wa saa moja na nusu, gemu moja tu. Yeye ana miaka 15, anataka vifaru, ndege na kitu cha kulipuka. Mimi nimevuka arobaini, nataka panga, farasi na nafasi ya kunywa chai yangu ikiwa bado moto. Tukakubaliana tujaribu zote mbili, wiki mbili mbili, halafu ibaki moja.

Tulianza na yake, Command & Conquer: Generals. Ni ya mwaka 2003, hata kompyuta iliyochoka kama yangu inaibeba bila kuhema. Pande ni tatu: Marekani, China na kundi la wapiganaji wa kuvizia linaloitwa GLA. Uchumi wake ni dola tu. Unakusanya shehena, unapata pesa, unanunua silaha. Marekani na China wanajenga kwa tingatinga, GLA wanajenga kwa vibarua wa miguu. Nikapenda hasa habari ya umeme. Mitambo ya Patriot inayolinda kambi ya Marekani haifanyi kazi bila umeme, kwa hiyo usiku mmoja niliacha kuihangaikia, nikazunguka nyuma nikalipua vinu. Mitambo yote ikanyamaza kwa pamoja.

"Mjomba, umenikatia umeme!"

"Ni mgao tu huo. Vumilia."

GLA hawahitaji umeme kabisa, ila nao hawana ndege za kivita. Huo ndio utamu wa gemu hii: pande tatu hazifanani, na kila moja inakulazimisha ufikiri upya. Mpwa wangu alizoea China, kwa sababu ya vifaru vizito na kombora la nyuklia. Ukijenga silaha kubwa kama hiyo saa yake inaonekana kwa wachezaji wote, inahesabu kushuka. Basi dakika hizo za mwisho hakuna vita tena, kuna mbio. Ama unafika kuibomoa, ama unakaa unatazama namba zinavyoisha. Mimi mara nyingi nilikuwa wa kutazama.

Shida yangu na vita vya kisasa, kwenye kioo, ni kwamba katikati hakuna kitu. Huyu yuko kwake, wewe uko kwako, halafu ghafla ndege iko juu ya paa lako. Ukienda jikoni kuchukua sukari unarudi mchezo umeisha.

Kuna na jambo jingine. Gemu hii ilitoka Februari 2003, na jukumu la kwanza la upande wa Marekani liko Baghdad. Mwezi uliofuata vifaru vya kweli vikaingia Iraq, na mimi nilikuwa nikivitazama kwenye televisheni ya jirani, tumejazana sebuleni kwake mpaka mlangoni. Nilipofika jukumu hilo mkono ukasita kidogo. Mpwa wangu hakusita. Kwake yeye 2003 ni zamani, hakuwa amezaliwa. Baghdad ile na Salahuddin vyote viko kwenye kapu moja. Nikagundua kwamba tulikuwa tunabishana juu ya neno ambalo hatulielewi sawa. Vita vyangu vya kisasa kwake ni historia.

Wiki ya pili alikuja shemeji, baba yake. Ni askari, aliwahi kupangiwa kazi ya kulinda amani mashariki ya Kongo. Nilidhani atasema tuzime, maana mwanawe alikuwa anapeleka lori la mabomu kwenye kambi yangu huku anacheka. Akavuta kiti, akatazama muda mrefu bila neno. Kisha akauliza, "Hao wanakula saa ngapi?"

Tukatazamana.

"Na mafuta? Hicho kifaru kimetoka huku mpaka kule, kimejaziwa wapi?"

Nikamwambia shemeji, ni mchezo. Akasema anajua ni mchezo. Lakini yeye anachokumbuka zaidi cha kule ni foleni ya maji, na gari lililokwama kwenye tope siku mbili likiwa na viazi vya kikosi kizima. Akanywa chai, akaondoka. Maneno yake yakabaki.

Wiki yangu ilipofika nikapakua Age of Empires II, ile iliyotengenezwa upya mwaka 2019. Gemu ya asili ni ya 1999. Onyo kwa wenye bando dogo: wanataka uwe na nafasi ya gigabaiti 30. Bando langu la kwanza lilikata katikati ya usiku, na mtandao (siutaji) ukanitumia ujumbe wa kunishukuru kwa kuwa mteja wao. Nilimalizia kwa rafiki yangu mwenye intaneti ya ofisini.

Sasa hapa swali la shemeji lina jibu. Unaanza na wanakijiji watatu, mpelelezi mmoja wa farasi au mfano wake, na kondoo waliozagaa. Kila mwanakijiji mpya anagharimu chakula 50. Kutoka Enzi ya Giza kwenda ya pili ni chakula 500, na chakula hicho hakidondoki, kinachinjwa, kinachumwa, kinalimwa. Nyumba ni mbao 25 na inabeba watu watano. Ukisahau kujenga, kazi inasimama. Robo saa ya kwanza hujapigana na mtu. Unalisha.

Mpwa wangu alichoka siku ya kwanza. "Mjomba, hii ni vita au ni shamba?" Siku ya pili alijifunza kumvuta nguruwe mwitu: unamchoma mshale mmoja, unakimbia naye anakufukuza mpaka mlangoni kwa wenzako, wanammaliza. Ukichelewa kukimbia anakuua. Alipoteza mtu wake akachukia kweli, kuliko alivyowahi kuchukia kupoteza vifaru kumi. Alipotulia akaona kitu kingine: "Lakini mjomba, hawa Wasaraseni si Waislamu? Mbona wanakula nguruwe?" Sikuwa na jibu. Tulicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Vita yenyewe ikifika unaiona inakuja. Farasi anatoka upande ule, una nafasi ya kupanga mikuki, maana mkuki unamkomesha farasi. Wapiga mishale wanawamaliza wenye mikuki wakiwa bado mbali. Na farasi akiwafikia wapiga mishale, kwisha habari yao. Manjaniki yanapofika kubomoa ngome yanakwenda polepole, na lazima yasimame na kufunguliwa kabla ya kurusha jiwe. Unaweza kufikiri. Unaweza hata kwenda kuchukua sukari, ukiwa na haraka. Na kila taifa linaongea lugha yake: Waethiopia Kiamhari, Wasaraseni Kiarabu, na mpwa wangu wa madrasa alikuwa akidaka neno moja moja na kulirudia.

Nikajiona nimeshinda mjadala. Zamani ni bora, tena zamani haimuumizi mtu. Hapo ndipo tukafungua kampeni za Afrika, yaani mfululizo wa majukumu yanayofuata kisa cha mtu mmoja, zilizoongezwa mwaka 2015. Kuna Tariq bin Ziyad, kuna Sundjata wa Mali, kuna Yodit wa Ethiopia. Na kuna Francisco de Almeida, Mreno. Mpwa wangu akachagua huyo kwa ajili ya merikebu. Hakukumbuka ni nani.

Jukumu la pili linakupeleka pwani yetu. Ramani ikafunguka, akasogeza kipanya, akasoma jina, akasimama. Kilwa. Akasogeza tena. Mombasa.

Mwaka 1505 Almeida aliiteka Kilwa mwezi Julai akajenga ngome pale, na Agosti akaipora Mombasa na kuichoma. Hayo ameyasoma shuleni. Mwaka jana darasa lao lilikwenda Kilwa Kisiwani, akapiga picha mbele ya msikiti mkubwa wa mawe ya matumbawe. Sasa alikuwa na mizinga ya merikebu mkononi na anatakiwa apige huko huko.

"Hakuna pa kubonyeza niwe Kilwa?"

Hapakuwa na pa kubonyeza. Siilaumu gemu, kampeni ni ya Almeida na lazima uwe Almeida. Ila ile raha yangu ya vita vya mbali iliishia hapo. Baghdad ilinisitisha mimi, Kilwa ikamsitisha yeye.

Kwa hiyo tulichobakisha ni Age of Empires, lakini si kwa sababu niliyoanza nayo. Tumeibakisha kwa sababu ina kihariri cha ramani. Siku nne za mwisho za likizo hatukucheza, tulijenga. Yeye alichora kisiwa, akapanda minazi na mikoko, akaweka msikiti, bandari na soko. Waswahili hatukuwaona kwenye orodha ya mataifa, tukachukua Wasaraseni. Akajipa dhahabu nyingi, akasema ni ya Sofala. Mimi nikawekwa baharini na merikebu za Kireno, na shemeji, aliyekuwa amekuja kumchukua mwanawe, akakalishwa pembeni awe msimamizi.

Niliwasili dakika ya 20. Alikuwa amejenga minara pwani nzima na kusahau nyumba. Watu wake hawakuongezeka, mashamba yameisha, hakuna mbao za kuyapanda upya. Minara ilinizamishia merikebu tatu. Ya nne ikatia nanga.

"Nilikuuliza wanakula saa ngapi," shemeji akamwambia, akainuka kwenda kufunga mabegi kwenye gari.