Manowari ya bomba tatu: tathmini ya kruza nyepesi za kwanza za Ujerumani

Juni 1914, kruza Königsberg ilipotia nanga Dar es Salaam, wenyeji walihesabu dohani zake wakaipa jina: manowari na bomba tatu. Hesabu hiyo bado inafaa kwa anayetazama picha za zamani. Dohani mbili ni daraja la Gazelle (daraja ni kundi la meli zilizojengwa kwa muundo mmoja), la kwanza kabisa. Tatu ni Bremen, Königsberg au Dresden, na hapo ndipo macho huanza kudanganywa, maana zinafanana sana.

Tuanze na hukumu: kruza nyepesi hii ni chombo kilichoundwa kwa ufundi mzuri kikapewa kazi mbili zisizokaa pamoja. Ujerumani ilitaka kruza moja iyatangulie majeshi ya meli kubwa katika Bahari ya Kaskazini kama jicho lao, na hiyo hiyo ikakae miaka katika makoloni, mbali na kila karakana. Kwa kazi ya kwanza inatakiwa mbio. Kwa ya pili inatakiwa makaa mengi na mitambo isiyodeka. Kruza hizi zilipata kiasi cha kila kimoja.

Gazelle, iliyoanza kujengwa 1897, ina urefu wa mita 105 na kasi ya noti 19.5, yaani maili 19.5 za baharini kwa saa. Dada zake tisa walifika 21.5. Mizinga kumi ya milimita 105, na deraya ya sitaha ya milimita 20 hadi 25, ambayo ni kinga ya vipande vya makombora tu. Kwa mwaka 1900 ni bidhaa nzuri. Kufikia 1914 ilikuwa mzee: Ariadne, mmoja wa dada hao, ilikutana na meli kubwa za Waingereza karibu na Heligoland tarehe 28 Agosti, ikashindwa kuzikimbia, ikazama. Daraja la Bremen, meli saba, liliongeza deraya hadi milimita 80, na hayo ndiyo maboresho yake makubwa.

Kuna jaribio moja lisilofaa kurukwa. Kuanzia Bremen, Wajerumani walikuwa na desturi ya kutia turbini, injini ya mvuke inayozungusha magurudumu ya mapanga, katika meli moja ya kila daraja na kuziacha nyingine na injini za pistoni: Lübeck kwanza, kisha Stettin, kisha Dresden. Lübeck ilianza na shafti nne zenye rafadha nane, mbili kila shafti. Sababu ni kwamba turbini za wakati ule zilifungwa moja kwa moja kwenye shafti bila gia. Turbini hupenda kuzunguka haraka, rafadha hupenda kuzunguka polepole, kwa hiyo nguvu iligawanywa kwa rafadha nyingi ndogo. Ukienda mbio, mambo ni mazuri. Ukienda mwendo wa kawaida, turbini inakula makaa kuliko pistoni. Desemba 1914 Dresden iliwatoroka Waingereza visiwani Falkland kwa mbio zake wakati Leipzig na Nürnberg, zenye pistoni, zilifikiwa na kuzamishwa. Ilipofika Machi 1915 ilikuwa imekwama kisiwani Juan Fernández, makaa karibu kuisha, na wenyewe wakaizamisha.

Sasa Königsberg yenyewe. Injini mbili za pistoni, boila kumi na moja, nguvu za farasi 13,200, na kwenye majaribio ilifika noti 24.1. Ghala zinabeba tani 880 za makaa, na karatasi zinasema maili 5,750 kwa noti 12. Piga hesabu: ni siku ishirini za mwendo huo, kama tani 44 kwa siku. Inavutia. Lakini injini za aina ile zilikula karibu kilo moja ya makaa kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Ukiibana ikimbie kasi ya juu, zinaondoka tani kumi na zaidi kila saa, na ghala zima linakwisha ndani ya siku tatu au nne. Zaidi ya hapo, ghala zimepangwa ubavuni makusudi ili makaa yawe ngao ya ziada. Yakipungua, ngao nayo inapungua.

Ubora wa makaa nao ni nusu ya kasi. Königsberg ilikamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, tarehe 6 Agosti 1914, lakini makaa iliyoyapata humo yalikuwa ya India, duni. Makaa ya namna hiyo hutoa majivu mengi, huziba wavu wa tanuri, na moshi wake huonekana kabla meli yenyewe haijaonekana. Boila za mabomba ya maji pia hazisamehe: kikondensa, kinachorudisha mvuke kuwa maji, kikivuja chumvi kidogo, gaga linaota ndani ya mabomba, joto halipiti, bomba linapasuka. Dawa ni kuzima moto na kusafisha, kazi ya siku kadhaa. Tusiwacheke Wajerumani kwa hilo. Kruza Pegasus ya Waingereza ilikutwa na Königsberg Zanzibar tarehe 20 Septemba katika matengenezo ya namna hiyo hiyo, haiwezi kung'oa nanga, na makombora yake yakaanguka majini kabla ya kumfikia adui.

Mizinga ndiyo sehemu bora na mbovu kwa pamoja. Ina mbio, hadi makombora 15 kwa dakika, na inafika zaidi ya kilomita 12. Imepangwa miwili ubavu kwa ubavu omo, miwili tezi, mitatu kila upande. Maana yake ni kwamba kati ya kumi, mitano tu inaweza kupiga upande mmoja. Kila kombora lina kilo 16 hivi, basi mkupuo mzima ni kilo 80. Tarehe 9 Novemba 1914 Emden, ya daraja la Dresden na yenye mizinga hiyo hiyo, ilikabiliana na kruza Sydney ya Australia visiwani Cocos. Sydney nayo ilipiga kwa mitano, ila kombora lake lina kilo 45. Emden ndiyo iliyoanza kupiga kwa shabaha, lakini kilo 80 hazishindani na 225. Halafu akiba: makombora 150 kwa mzinga, kwa mbio ile, ni dakika kumi za vita.

Baada ya Zanzibar injini moja ya Königsberg iliharibika, ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji. Dar es Salaam haikufaa tena, kwa sababu Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha chelezo kinachoelea, cha kutengenezea meli, mlangoni mwa bandari. Vipuri vilisafirishwa nchi kavu kwa nguvu za wapagazi hadi karakana za mjini, vikatengenezwa, vikarudishwa. Kwa hiyo meli ilipona. Kilichokosekana ni makaa ya kuifikisha popote. Ina kina cha zaidi ya mita tano. Manowari za Waingereza Severn na Mersey, zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, zina chini ya mita mbili, na ndizo zilizoingia mtoni Julai 1915 zikisaidiwa na ndege ya kuelekeza shabaha. Tarehe 11 Kapteni Looff aliamuru meli yake ilipuliwe.

Mizinga yote kumi ilitolewa majini, ikaundiwa magurudumu, ikaenda vitani bara pamoja na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Mmoja uko Mombasa, nje ya Fort Jesus, na jirani yake ni mzinga wa Pegasus.