Paneli ya sola yenye kioo kilichopakwa silika: tathmini kutoka Uyole, Mbeya

Paneli hii ya wati 100, niliyoinunua katika duka la vifaa vya umeme Mwanjelwa, inastahili bei yake kwa sababu ya kioo chake. Kioo cha kawaida hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga unaokipiga kwa mbele, lakini hiki kimepakwa tabaka jembamba la chembe ndogo mno za silika (madini ya mchanga yanayotengenezea kioo) zenye nafasi za hewa kati yake, ambalo hupunguza mwanga unaorudishwa, na hivyo mwanga mwingi zaidi huifikia silikoni, yaani seli za ndani zinazogeuza mwanga kuwa umeme. Faida huonekana hasa asubuhi na jioni, jua linapopiga kwa mshazari. Tena baridi ya Uyole husaidia, kwani silikoni hupoteza nguvu inapopata joto.

Muuzaji alidai kuwa ndani mna chembe za fedha zilizovikwa silika. Dai hilo silikubali. Chembe za namna hiyo hutawanya mwanga ndani ya seli, na ganda lake la silika huzizuia kuipotezea seli chaji za umeme, lakini bado ni kazi ya maabara, na inaniuma kuona mkulima akitozwa zaidi kwa ajili yake.

Vumbi la kiangazi lifutwe kwa maji na kitambaa laini, kwa kuwa stilwaya huchuna tabaka hilo.