Sherehe ya Shakespeare mjini kwao: zefe bure, mchezo ulipie

Juzi barazani kijana wa mtaani kwetu anaejiandaa kwenda kusoma Uingereza kaniuliza, ati mjomba ile sherehe ya Shakespeare, yule mtunzi wa michezo wa Kiingereza, uloendea 2018 inafaa mtu kutoa pesa yake au ni watu kupiga picha na kujitia wasomi tu. Nikamjibu nusunusu maana kahawa ilikuwa ishafika. Sasa nakaa naandika vizuri, na wengine mfaidi.

Mji wenyewe unaitwa Stratford-upon-Avon, mji mdogo, mto unapita na mabata maji kibao. Mie nilikuwa kwa shemeji yangu Birmingham, treni kama saa moja hivi. Sherehe inafanywa kila mwaka wikiendi ilo karibu na tarehe 23 Aprili, wanasema ndo siku alozaliwa Shakespeare, ingawa kilichoandikwa hasa ni ubatizo wake tarehe 26 Aprili 1564, ila kufa kafa kweli tarehe 23 Aprili, mwaka 1616. Kila mtu alinitisha baridi, nikabeba koti zito la mtumba la Darajani, Unguja, kufika kule jua linawaka utadhani Kizimkazi, koti nimeliburura mkononi kutwa nzima.

Sasa zefe, yaani maandamano ya shangwe. Yakhe, ile ni zefe hasa, mie sina jina jengine. Beskoti, bendi ya matarumbeta, mbele, bendera, watoto wa skuli ambayo inasemwa ndiyo alosoma yeye, mabalozi, waigizaji, wazee na vikongojo, na kila mtu kashika maua, wanatoka kwenye mitaa ya nyumba alozaliwa wanakwenda mpaka kanisani alikozikwa wakayaweke kaburini. Unasimama pembeni tu, hulipi hata senti. Mama mmoja mtu mzima kaniona nimesimama kama mgeni, akanichomeka kifuani kijitawi cha rozimari, wenyewe wanasema ni cha ukumbusho. Nikakinusa, harufu kali kidogo kama dawa, lakini vile alivyonichomeka na kupapasa koti likae sawa, mie nikamkumbuka bibi yangu na vikuba vyake vya asumini na mrehani. Nilisimama pale natabasamu peke yangu kama mwehu.

Kanisani foleni ndefu. Kaburi liko ndani kabisa mbele, jiwe la chini, na juu yake kaacha maneno ya kumlaani yeyote atakaeihamisha mifupa yake. Hapo nkasema huyu mzee alikuwa anajua watu.

Nyumba alozaliwa sikukaa sana. Ni ya mbao na udongo, baba yake alikuwa fundi wa glavu, umati ulikuwa mkubwa na mie sipendi kusukumana. Halafu nilipokuwa nje napiga picha ndo nikajishtukia, kwani sie Shangani si kila siku tunawapita watalii wamesimama mbele ya nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji, tuna vikapu vyetu vya samaki, tunajiuliza hawa wanaangalia nini? Leo mtalii ni mimi.

Kilichonipendeza zaidi ni pahala ambapo nyumba haipo. Pale Shakespeare aliponunua nyumba kubwa mwaka 1597 na akaja kufia humo, leo ni bustani tupu. Karne ya 18 ilimilikiwa na kasisi mmoja, Francis Gastrell, watu wakawa hawampi nafasi, kila saa wageni wanakuja kuchungulia mforosadi wanaosema kaupanda Shakespeare mwenyewe. Kasisi akaukata mti mwaka 1756. Mji ukahamaki. Halafu akagombana nao kwenye mambo ya kodi, mwaka 1759 akaibomoa na nyumba yenyewe! Nilicheka mpaka watu wakanitazama, maana roho ya kukomoana namna ile nilidhani iko kwenye kesi za mirathi za huku kwetu tu. Na miaka kumi baadae, 1769, muigizaji David Garrick akaandaa sherehe kubwa ya kwanza hapo mjini, mvua ikanyesha mafuriko, zefe ikavunjwa, na katika siku zote zile haukuchezwa mchezo hata mmoja wa Shakespeare. Sherehe ya mtunzi wa michezo bila mchezo, we ushasikia wapi.

Kwa hiyo mie nikaapa siondoki bila kuona mchezo. Nikakata tiketi ya Makbeth, mchezo wake wa mtu anaemuua mfalme ili atawale yeye, Royal Shakespeare Theatre, pale ukingoni mwa mto. Jukwaa limejitokeza katikati, watu wamezunguka pande tatu, kiti cha mbali kabisa ni kama mita 15, hata ukikaa juu unauona uso wa mtu. Wale wachawi watatu wamewafanya watoto wa kike wadogo wamevaa nguo za kulalia na wanasesere mkononi. Shemeji yangu Mpemba, jamani, kanishika mkono akanambia "huyu mwenye kuandaa anajua". Na ukutani kuna saa, mfalme akishauliwa tu inaanza kuhesabu kurudi nyuma masaa mawili, mpaka Makbeth nae roho inatoka. Nilikuwa naitazama saa kuliko waigizaji. Kiingereza chenyewe ni cha miaka 400, nilidaka labda nusu, mie Shakespeare wangu wa udogoni ni Mabepari wa Venisi alofasiri Mwalimu Nyerere, kitabu kishatoka jalada. Na watu wametulia kimyaa, hata kukohoa wanakohoa kwa adabu, ingekuwa taarabu Ngome Kongwe mie nshanyanyuka zamani kwenda kutunza.

Chakula ndo nyota moja naikata. Mgahawa mmoja, jina silitaji, samaki kapoa na chipsi zimelegea kama mboga, naomba pilipili naletewa chupa ya tomato. Mara mia mishkaki ya Forodhani. Bebeni chenu.

Basi kijana wangu, nyota nne. Nyumba za makumbusho uende siku nyengine isiyo ya sherehe, siku ile wewe fuata zefe na ukate mchezo mapema, mwaka ule vijana wa miaka 16 mpaka 25 walikuwa na tiketi za pauni 5, uliza kama bado zipo za namna hiyo. Na rozimari nilirudi nayo Unguja ndani ya pasipoti. Mama akainusa akaniuliza hii ya chango au ya mafua, nikamwambia ya ukumbusho, akaitia kwenye chai.