Kutoa kaseti za isukuti kuweka kwa flashi hapa Kisumu: fundi ni mzuri, lakini mwambie mapema asikate maneno

Wale mnaniulizanga nilipeleka wapi kaseti za babu, acha leo niandike yote mara moja nisirudie rudie kwa WhatsApp. Ni duka dogo hapa Kisumu katikati ya tao, kati ya mafundi wa simu na redio, na jina sitalitaja kwa sababu kuna kitu walifanya kikaniuma na nitakisema hapa chini bila kuficha, sitaki ionekane nawaharibia biashara. Kazi yao ni kutoa sauti kwa kaseti, mikanda ya zamani ya video, hata santuri, wanakuwekea kwa flashi au wanakutumia kwa simu. Nawapa nyota tatu na nusu kwa tano. Zingekuwa tano kama wangeniuliza swali moja tu kabla ya kuanza.

Babu alikuwa Mwisukha, upande wa Shinyalu kule Kakamega, mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na redio kaseti moja ya kubeba ilikuwa inamfuata kila mahali, harusi, matanga, tohara, siku za kupiganisha ng'ombe, akisikia ngoma inalia tu anafinya rekodi. Hakuna mtu alimtuma. Akajaza katoni ya sabuni, zingine C60, zingine C90 (hiyo namba ni dakika), na chache zile za C120 ambazo mkanda wake ni mwembamba na ukizichezea vibaya zinavutika. Alipofariki katoni ikakaa juu ya kabati miaka na miaka, na kila mtu kwa familia alikuwa anasema "tutazishughulikia".

Kwa wale hawajui isukuti, hii ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa Kakamega, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na jina la mchezo limetoka kwa hizo ngoma zenyewe. Kunakuwa na pembe ya swara na njuga za chuma, mwimbishaji mmoja anatoa, wengine wanaitikia, wanaume mstari wao na wanawake wao, na mwendo wake si wa mchezo, ukicheza wimbo mzima unatoka umelowa. 2014 UNESCO waliiweka kwa orodha yao ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Watu wetu hupost hiyo habari na makofi mengi kana kwamba tumeshinda kombe, na hiyo si zawadi, ni kama jina lako kusomwa kwa orodha ya wagonjwa mahututi. Sababu walizotoa ziko wazi tu: wanaojua wengi ni wazee na hawana wa kuwaachia, vifaa na mavazi ni pesa, watunzi wamehamia muziki unaolipa, na mwenye sherehe siku hizi anaona heri alete diijei. Hiyo ya mwisho mimi naiona kila Disemba nikienda nyumbani, spika kubwa kuliko nyumba, na wapigaji wameketi kando wakingojea waitwe dakika tano za kupigwa picha.

Sasa turudi kwa duka. Fundi anajua kaseti, hapo sina shaka. Nimeona wengine pale mjini wakichukua kaseti imekaa kwa vumbi miaka thelathini wanaitumbukiza tu kwa deki, mkanda unakatika, halafu anakuambia "hii ilikuwa imeharibika tayari mama". Huyu la. Alizichukua moja moja akaangalia kwa mwanga kama kuna kuvu nyeupe kwa mkanda, zilizokuwa nayo akaziweka kando zisichafue hedi, kile kichuma cha deki kinachosoma mkanda. Kuna kaseti kile kisponji kidogo cha kukandamiza mkanda kilikuwa kimeanguka, akatoa skrubu, akahamisha mkanda wote kwa ganda lingine lisilo na shida. Moja ilikuwa imekatika kabisa, akaiunga na ile tepu yake maalum ya kuungia mikanda, si selotepu ya dukani, na ukisikiliza hapo huwezi jua isipokuwa uambiwe.

Lakini kitu kilinifanya nimheshimu ni hiki. Kabla ya kurekodi kila kaseti alikuwa anasafisha hedi kwa pamba na spiriti, halafu anaweka kaseti icheze, anachukua bisibisi ndogo sana anazungusha skrubu iko kando ya hedi pole pole huku amevaa hedifoni. Mwanzoni sauti iko imezibwa, ngoma kubwa tu ndiyo unasikia. Anazungusha kidogo, anarudisha, anazungusha, na hapo njuga zikafunguka, ukasikia hata mguu ukigonga chini. Akaniambia kila redio ilirekodi hedi yake ikiwa imeinama kivyake, kwa hivyo lazima deki yake iinamishwe vile vile. Mimi nilikuwa nimekaa hapo kwa stuli nikijua hizi kaseti zimekufa, kumbe.

Na mjue kaseti haina njia ya mkato. C90 inachukua saa moja na nusu kutoka, pande zote mbili. Mtu akikuambia anakumalizia katoni nzima leo jioni, uliza anafanya aje, kwa sababu labda anaizungusha kwa spidi ya juu na sauti inaharibika.

Bei ni mia tatu kwa kaseti, ya kuungwa inaongezwa mia moja. Si rahisi ukiwa na katoni, lakini nikiona masaa anakaa hapo sioni kama ni wizi. Unalipa kwa M-Pesa, risiti lazima uombe, usipoomba hawana habari.

Shida sasa.

Nilichukua flashi nikaenda nyumbani, nikaweka kwa redio ya sebuleni, tumekaa na mama na shangazi zangu, chai iko. Wimbo wa kwanza ukaanza puu, ngoma tayari iko katikati. Ukaisha, wa pili ukaanza hivyo hivyo. Shangazi akauliza, "Na mzee yuko wapi?" Kwa sababu babu kabla ya kila wimbo alikuwa anaongea kwanza. Anasema leo ni tarehe gani, tuko kwa boma la nani, nani anapiga kubwa, nani ndogo, mwimbishaji ni mtoto wa nani kutoka kijiji gani, halafu anasema "haya". Hiyo yote ilikuwa imekatwa. Na si hiyo tu. Kuna kaseti moja ambayo mama anaikumbuka, mzee mmoja alikuwa anamfundisha kijana ngoma ndogo, kijana anakosea, anasimamishwa, anaambiwa mkono wa kushoto usubiri, anarudia, anakosea tena, watu wanacheka, jogoo anawika, mpaka mwisho anashika. Karibu upande mzima wa kaseti ni hayo. Fundi akaona ni makosa ya kurekodi, akaacha dakika zile kijana amepatia, akaiita "wimbo wa kumi na moja".

Juu ya hiyo alikuwa amepitisha zote kwa programu ya kuondoa ule mshindo wa shhh wa kaseti. Sawa, shhh ikatoka, lakini njuga za chuma sauti yake iko juu huko huko, kwa hivyo programu ikazimeza pia. Zile njuga nilisikia na masikio yangu zikifunguka pale dukani hazikuwa kwa flashi. Ngoma kubwa imebaki inadunda peke yake.

Nikarudi na flashi yangu. Sikupiga kelele, nilimchezea tu. Akaniangalia akasema, "Anti, mimi nilijua unataka nyimbo. Hiyo maneno mingi ya mwanzo nilikutolea, watu wengi wakileta za harusi husema niwatolee." Na kusema kweli namwelewa, hakuwa na ubaya, wateja wake wengi wanataka kitu cha kuweka kwa gari. Lakini kwa kazi kama hii yale anayoita maneno mingi ndiyo mali. Wimbo wenyewe unaweza kuupata, kuna vikundi bado vinaimba, vingine viko YouTube. Vile unafundishwa, nani alikuwa anapiga, wimbo ni wa kutoka bomani au wa kuingia, hiyo huwezi kuipata popote tena kwa sababu waliokuwa wanaijua ndio hao wanaongea kwa kaseti.

Binamu yangu anasomea isimu chuo cha Maseno, nikimlalamikia hii stori akanionyesha kwa simu mambo ya Walamkang. Hao ni kabila dogo kule Manipur, kaskazini mashariki mwa India, wilaya ya Chandel karibu na mpaka wa Myanmar, watu elfu chache tu, lugha yao ni ya jamii ya Kitibeti na Kiburma na iko hatarini. Kuna mtafiti anaitwa Shobhana Chelliah amefanya kazi na wenyewe miaka mingi, na rekodi zao zimehifadhiwa kwa maktaba ya kidijitali ya chuo cha University of North Texas, mkusanyiko unaitwa CoRSAL, wa lugha za Asia ya Kusini. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilichoangalia ni vile wamepanga. Rekodi haikai peke yake. Inakaa na maelezo yake, nani anaongea, wapi, ni kuhusu nini, na sauti inaachwa vile ilivyo. Yaani kile babu alikuwa anafanya kwa mdomo kabla ya kusema "haya", wale wanafanya kwa maandishi, na hakuna mtu anakikata. Wao pia wameona dini ikiingia na nyimbo za kale zikisukumwa kando, kitu sisi tunakijua, kanisa la Marafiki, wale Quakers, walifungua misheni Kaimosi tangu 1902 na kuna wazee bado wanakumbuka kuambiwa ngoma ni ya shetani, halafu leo enda misa ya Wakatoliki upande wa Mukumu uone isukuti ikipigwa mpaka mbele ya altare. Lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Duru ya pili tukaelewana vizuri. Kaseti zote zirudiwe kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukata kitu, hata pale ni ukimya, bila programu ya kusafisha, faili ziwe WAV, zile za sauti nzima isiyobanwa, si MP3. Hapo mjiandae na nafasi, WAV ya kuhifadhi ile ya biti 24, yaani ya ubora wa juu, inakula karibu GB moja kwa kila saa, flashi ya GB 8 haitakufikisha mahali na zile GB 15 za bure za Google zinaisha mapema, mimi nilinunua hadi diski ya nje. Za MP3 nilimwambia atengeneze kando, ndizo tunatumiana kwa familia. Alikubali kunifanyia hiyo duru kwa nusu bei, ambayo kwangu ni haki ingawa shangazi yangu bado anasema angefanya bure. Na ile tabia ya "wimbo wa kumi na moja" tukaitoa, jina la faili sasa ni lile lile babu aliandika kwa karatasi ya kaseti, na karatasi zenyewe nikazipiga picha mbele na nyuma.

Kuna kitu kingine kidogo. Fundi ana chaneli yake, akaniuliza kama anaweza kuweka vipande viwili vitatu huko kwa sababu "hii ni dhahabu". Angalau aliuliza, wengine hawaulizi. Nikamwambia hapana kwanza. Kaseti ni za babu lakini nyimbo si za babu, zingine ni za matanga ya watu ambao familia zao ziko hai, na tangu 2016 Kenya tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inataka jamii yenyewe ikubali kabla mtu hajazitumia. Mama amezipeleka Shinyalu kwa simu anawachezea wazee, wengine wanatambua sauti zao wakiwa vijana, wengine wanakataa kabisa ati huyo si mimi. Wakisema sawa tutaona.

Yule kijana wa ngoma ndogo ametambuliwa, by the way, siku hizi ni babu ana wajukuu, na mjukuu mmoja ameomba atumiwe ile kaseti nzima na makosa yake yote.

Kwa hivyo kama una kaseti za nyumbani, peleka, usingoje, mkanda haungojei mtu. Kabla ya kuwaachia angalia vile vijino viwili vya juu ya kaseti kama vimevunjwa, kama bado viko vivunje ndio mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Sema kwa mdomo na uandike kwa karatasi: usikate, usisafishe, nipe WAV. Enda siku za wiki asubuhi, Jumamosi kuna foleni ya watu wa kubadilisha skrini ya simu na fundi wa kaseti ni huyo huyo mmoja. Jumapili wamefunga. Na usimalize kulipa mpaka usikilize hapo hapo kwa hedifoni zake, mwanzo wa kila faili, si katikati.